Ukuta wa Magunia Katikati ya Songwe

Nilikuwa nimekalia robota langu kwenye korido ya ghorofa ya tano, hapa Xiaobei, mjini Guangzhou, namsubiri mbeba mizigo na kitoroli chake. Kontena lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo kule bandarini Nansha, na wakala alikuwa amenipigia mpaka nikaanza kuionea huruma simu yenyewe. Ndipo mzee mmoja akakohoa.

Kikohozi tu, rafiki yangu. Lakini si cha mafua, si cha sigara. Kilikuwa kikohozi cha taarifa, kile kinachosema jamani napita, kila mtu ajipange. Jirani yangu Mnepali alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wake anafunga mzigo. Huyu ni mwanamke ambaye asubuhi ile ile nilimwona kwenye soko la nguo la Shisanhang akibishania bei ya magauni mpaka laoban, mwenye duka, akashika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa. Chui akikutana naye kwenye ngazi atasema samahani, tangulia wewe. Sasa huyo huyo, aliposikia kile kikohozi, aliangusha mkasi, akavuta mtandio mpaka kidevuni, akageukia ukuta. Mzee akapita na kofia yake, macho kwenye dari. Alikuwa baba mkwe wake, amekuja kutoka kwao kumwona mjukuu. Mtandio haukufunuliwa mpaka mlango wa ndani ulipofungwa, na hata hapo jirani hakusema na mzee. Alimnong'oneza mtoto wake, mtoto akakimbia ndani, akarudi na jibu, akatumwa tena.

Nilipanda juu ya robota nikasimama. "Kyela!" nikapiga kelele, mpaka Wachina wa ghorofa ya chini wakafungua madirisha. "Dada, hiyo ni Kyela! Nyinyi ni watu wa Kyela!"

Alidhani nimeumwa na kitu. Tulipoelewana, kwa Kichina chetu cha sokoni, Kiingereza cha kuokota na mikono minne, akanieleza kwao. Mimi nilijua Nepali ni milima tu, watu wanazaliwa na viatu vya theluji miguuni. Alicheka akashika mbavu. Kwao, alisema, ni bondeni, kusini, panaitwa Tarai, pametandazwa kama chapati. Milima wanaiona kwa mbali, siku mvua imeosha anga, na wanaitazama kama sisi tunavyoutazama mwezi: mzuri, lakini wa watu wengine. Kwao ni mpunga mpaka macho yachoke, mashamba ya haradali yenye maua ya njano, nyati wa kufugwa waliolala kwenye madimbwi, mikokoteni ya ng'ombe, na joto la kuchemshia yai. Mito inashuka kutoka huko milimani, na kila masika inajichagulia njia mpya. Mpaka wa India ni nguzo ya zege katikati ya shamba, mbuzi wanajikunia mgongo. Watu wanavuka kwa baiskeli kununua chumvi na vitambaa, wanavuka kuoa, wanavuka kuzika. Lugha ni ile ile huku na huku.

"Mpaka ni wa serikali," aliniambia. "Shangazi zetu hawaujui."

Nikamkumbatia na selotepu yake mkononi. Maana hapo alikuwa amenisimulia utoto wangu wote, amekosea jina tu.

Kwa asiyejua, Kyela iko kule chini kabisa, kusini ya Mbeya, mahali ambapo nchi inashuka kutoka Tukuyu kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi na kutua ziwani. Juu kule watu wanavaa makoti, wanakunywa chai na kutetemeka. Chini kwetu ukitoka na koti watu wanakuombea. Ni tambarare tupu, migomba, michikichi, mikakao, na mpunga. Mchele wetu ukipikwa, we acha tu! Nimeshaona basi la abiria likisimama lenyewe kwa ajili ya harufu. Dereva alisema ni pancha, lakini mimi nilimwona anavyonusa.

Na mbele yetu Songwe, mto wa mpaka, ng'ambo yake Malawi. Niliposoma shule ya jioni, tukiwa watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, mwalimu wa jiografia alituchorea mto unaofika tambarare: unapunguza mwendo, unaangusha mchanga, unajipinda, unaziba njia yake wenyewe na kutafuta nyingine. Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, huo mto naujua. Ulihamisha shamba letu." Darasa zima likacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Masika moja, nikiwa bado nanyonya, Songwe ilikata kona iliyokuwa imechoka kuizunguka, ikapita mgongoni mwa shamba la babu. Shamba halikusogea hata shibiri. Lilikaa pale pale, lakini watu walipoamka lilikuwa Malawi.

Unadhani babu aliliacha? Aliendelea kulima. Wang'ambo walikuwa watu wale wale, salamu ile ile, hata mama yangu mzazi aliolewa kutoka huko. Baba yake alikuwa mvushaji wa watu kwa mtumbwi. Hivyo babu alikuwa akitoka nje ya nchi kila asubuhi, bila pasi wala viatu, kwenda kufukuza ndege. Anapanda dungu lake, anatundika redio kwenye nguzo, anashika kombeo, na hapo ndege wa nchi mbili wanahama. Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Alisikia ndege akitua kwenye suke kabla suke lenyewe halijajua. Na redio ile, nakwambia, aliipenda kuliko meno yake. Taarifa ya habari ikianza, hata wadudu walinyamaza.

Sasa nikueleze habari ya kikohozi. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Mama hakuwahi kumtazama babu usoni. Akisikia kikohozi njiani anaingia kwenye majani, anajifunika kanga, anakuwa kichaka. Babu naye anageuza uso upande wa pili na kuongeza mwendo kama anayewahi treni, na treni Kyela hakuna. Jina la babu mama halitaji, na hata maneno yanayofanana na jina lile anayazunguka kwa mbali. Hawakai chini ya paa moja, na kumwita au kumsemesha ndiyo kabisa, hilo halipo.

Lakini nyumba lazima iendeshwe. Kwa hiyo walikuwa na mimi. Rafiki yangu, kabla kampuni za simu hazijafika Kyela, mtandao nilikuwa mimi. Mama yuko nyuma ya jiko, babu yuko mbele kwenye benchi lake ananoa jembe, katikati kuna ukuta wa matete ambao hata pumzi inapenya, na mimi nakimbia kuzunguka nyumba.

"Mwambie babu yako chakula kimeiva."

"Babu, chakula kimeiva."

"Nimesikia. Mwambie mama yako, samaki?"

"Mama, babu anauliza, samaki?"

"Mwambie ni samaki. Na mwambie jana alibakiza, je, chumvi ilizidi?"

Nilikuwa nakimbia hivyo mpaka nikawa na miguu ya mkimbiaji wa mbio ndefu. Tena nilikuwa mtandao mwaminifu, sipunguzi neno, ingawa kuongeza niliongeza kidogo, kwa ladha.

Mlinzi mkuu wa heshima hiyo alikuwa bibi. Bibi hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kwamba mkamwana ametoka ng'ambo. "Wa ng'ambo," ndivyo alivyomwita, ingawa ng'ambo yenyewe ungeweza kurushia limau. Alikuwa anasubiri tu mama akosee, siku moja, mara moja.

Masika yale mvua ilinyesha kama mtu huko juu amesahau kufunga bomba. Mpunga wa babu ulikuwa umeshakomaa, na ameanza kuuvuna na kuupura kule kule, magunia yamepangwa chini ya dungu. Baba alikuwa kazini mbali, na wanaume wengine wa ukoo walikuwa wamepanda Tukuyu msibani. Asubuhi tukaamka, mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa iliyokasirika. Unavuma. Unabeba migomba mizima imesimama wima kama abiria. Na ng'ambo, juu ya dungu alikolala akilinda magunia, tukamwona babu mdogo kama ndege, anapunga kofia. Maji yalikuwa yameshalizunguka shamba pande zote.

Majirani wakajaa ukingoni. Mtumbwi ulikuwepo, mmoja, umefungwa kwenye mti. Mtu wa kuupeleka kwenye maji yale hakuwepo. Bibi alikuwa anatembea huku na huku, mikono kichwani, analia, "Mwanaume hakuna? Kijiji kizima mwanaume hakuna?"

Mama alikwenda kwenye mtumbwi. Alifunga kanga kiunoni, fundo la pili, akachukua upondo. Nikakumbuka kwamba binti wa mvushaji hasahau. Kisha akanishika mimi mkono.

Bibi akasimama mbele yake. "Utapanda chombo kimoja na mkweo?"

"Mimi nampeleka mtoto," mama akasema, macho chini. "Mtoto ndiye atakayemleta babu yake."

Ndiyo maana nilichukuliwa. Msinidhanie shujaa. Bila mimi asingekuwa na mdomo wa kumwambia babu apande.

Tulivuka kwenda, na hilo peke yake lingetosha kitabu. Mama alisimama nyuma, upondo unainama kama upinde, na alikuwa akiusoma mto, hapa anauachia utusukume, pale anaukatalia. Mimi nilifumba macho nikaona vizuri zaidi. Tulipofika chini ya dungu mama aligeuza uso, akajifunika, akaniambia, "Mwambie babu yako ashuke upesi."

Babu akashuka. Lakini hakushuka mikono mitupu. Alianza kupakia magunia.

"Mwambie babu yako magunia yatatuzamisha."

"Mwambie mama yako, nitakaa wapi? Katikati yetu kutakuwa na nini?"

Ni kweli. Mtumbwi ni mwembamba kama kijiko. Watu wawili wasioonana watakaaje humo? Babu aliyapanga magunia katikati, moja juu ya jingine, akajenga ukuta wa mpunga. Yeye akakaa mbele, mgongo kwetu, redio ameifunga ndani ya shati. Mama nyuma. Mimi wakanipandisha juu ya magunia, katikati ya ukoo, kama jogoo juu ya paa. Kulikuwa na chakula cha mwaka mzima chini ya makalio yangu na chumba cha kila mtu kimeheshimiwa. Tukaondoka.

Katikati ya mto mtumbwi ukaanza kunywa maji.

"Mwambie babu yako apunguze magunia."

"Mwambie mama yako, hiki ndicho chakula chetu. Tena huu ndio ukuta wetu."

"Mwambie ukuta utabaki na sisi hatutabaki!"

Nilikuwa nageuza shingo, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ndipo nikauona mti. Mti mzima, na mizizi yake, unashuka kutoka juu moja kwa moja kuja kwetu, mkubwa kama shule. Mama aliuona pia. Alisema, "Mwambie..." na mimi nikafungua mdomo kumwambia babu, na hakuna kilichotoka. Hakuna! Mtandao ulikatika. Mimi, niliyekuwa nasema hata usingizini, sauti ilinitoka ikapanda ule mti ikaenda zake ziwani.

Mama akaita mwenyewe.

"Baba! Tupa!"

Nakuapia, mto ulinyamaza. Babu hakugeuka. Alirudisha mikono nyuma bila kutazama, akashika gunia la juu, nikarukia pembeni, likaenda majini. La pili. La tatu. Mtumbwi ukainuka kama mtu aliyetua mzigo, mama akaegemea upondo kwa kila alichonacho, na ule mti ukapita nyuma yetu, karibu kiasi kwamba jani lake lilinipiga shavu. Ukuta ulikuwa umekwisha. Kati ya mama na babu nilibaki mimi tu, na mimi nilikuwa mwembamba kama unyasi wa kufagilia. Mpaka tunagusa ukingo, babu hakugeuza hata sikio. Alishuka, akakohoa, akapanda nyumbani.

Majirani walishangilia, wakambeba mama. Bibi hakushangilia. Bibi alikuwa amesikia.

Jioni ile ile akaitisha kikao uani. Alikuwepo shangazi, walikuwepo wazee wawili wa jirani. Mama aliketi nyuma ya jiko, amejifunika, hana ruhusa ya kuwa hapo na hana ruhusa ya kuondoka. Mimi nilishika ncha ya kanga yake. Bibi akaeleza: mkamwana amemwita mkwewe kwa mdomo wake, mchana kweupe, mbele ya watu. Haijawahi kutokea. Arudi kwao ng'ambo, akae huko mpaka ndugu zake walete ng'ombe wa kusafisha jambo hili. Mtoto atabaki, mtoto ni wa huku.

Mtoto huyo ni mimi, rafiki yangu. Nilikuwa na njaa, lakini njaa ilikimbia. Ng'ambo ile ambayo ningerushia limau ilisogea ikawa mbali kuliko Guangzhou.

Wakamgeukia babu. Bibi akamuuliza, "Mzee, mkamwana wako amekuita mtoni. Ulisikia au hukusikia?"

Babu alikuwa kwenye benchi lake, redio magotini, anaikausha kwa ncha ya shati. Akaigeuza upande wa pili.

"Mzee!"

"Eh?"

"Nauliza, ulisikia alipokuita?"

"Eeeh? Sema kwa nguvu, mama watoto. Maji yale yameniingia masikioni."

"ALIKUITA BABA!"

"Nani?"

Wazee wa jirani wakaanza kutazama chini, mabega yanatikisika. Bibi akasema hata yeye aliyekuwa ukingoni alisikia, iweje mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi asisikie? Akamrudishia swali lile kwa sauti ya kuamsha Malawi. Babu akatikisa kichwa polepole.

"Mimi magunia nilitupa kwa akili yangu. Niliona mti. Kuitwa sijaitwa. Wewe umesikia, basi labda amekuita wewe. Mtu asiyesikia ameitwaje?"

Hapo shauri likaisha. Unamshitaki mtu kwa kumwita kiziwi? Mama hakurudishwa.

Sasa utamu wa habari hii ndio unaanza, maana kesho yake bibi aliamua kumpima. Babu anaota jua, bibi akaja kwa nyuma na mfuniko wa sufuria, akauachia kwenye jiwe, PAA! Kuku walipotea siku nzima. Babu hakupepesa hata ukope. Keshokutwa yake akapimwa kwa kunong'onezwa kwamba ng'ombe yuko shambani. Babu akaendelea kunoa jembe. Akawa amejifunga mwenyewe, unaona? Aliyesema maji yamemwingia masikioni hawezi kupona wiki ijayo. Basi mzee wangu, aliyekuwa anasikia ndege akifikiria kutua, akawa kiziwi wa kijiji. Akawa kiziwi mwaka ule, na uliofuata, na yote iliyofuata. Watu sokoni walimpigia kelele mpaka mate yakamfikia. Kanisani wakampa kiti cha mbele. Watoto tukimsengenya mbele yake, anatazama mawingu.

Na redio? Kiziwi na redio wapi na wapi! Bibi aliichukua siku ile ile ya kupimwa akampa shangazi. Nilimwona babu akiisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya migomba. Chakula cha mwaka alikitupa bila kugeuka. Hii aligeuka.

Mama aliona pia, kupitia matete. Na mama yangu, rafiki, hakusoma shule ya jioni wala ya asubuhi, lakini alikaa na jambo hilo mpaka akaona tundu lake. Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe ili asisikiwe, sivyo? Na kama baba mkwe ni kiziwi, na kijiji kizima kimeshuhudia kwamba ni kiziwi?

Jioni moja babu ameketi kwenye benchi, upande wa pili wa ukuta wa matete, mama akapanga masufuria mbele yake akaanza kuyahutubia.

"Nyie masufuria, mmesikia ya leo? Daraja la mpakani Kasumulu limefunguliwa, malori yanapita. Chumvi imeadimika. Waziri amesema wakulima walime kwa bidii, lakini jembe hakuleta. Na kwenye mpira, tumefungwa, tena kwa penalti ya uonevu."

Habari zote alizokusanya sokoni, kisimani, kwa madereva, kwa wanaotoka ng'ambo, alizimwaga kwa mpangilio, za nchi kwanza, za nje baadaye, mwisho hali ya hewa. Bibi alimkuta akisema, akasimama mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Na masufuria, mama."

Bibi akatazama masufuria, akamtazama kiziwi wake nje, akakosa sheria ya kutumia. Akavuta kigoda akakaa. Baada ya wiki chache alikuwa wa kwanza kuuliza mbona leo masufuria hayaambiwi kitu.

Ilikuwa hivyo kila jioni, utoto wangu wote uliobaki. Babu hakujibu hata neno moja. Ila mama akichelewa, jembe lilianza kugongwa kwenye jiwe, ko, ko, ko, na mama anafuta mikono haraka anasema nakuja, nakuja, akiliambia sufuria la ugali. Mimi nilipoteza kazi ya mtandao, lakini sikulalamika. Nilikaa kwenye kona ya jiko ambapo unaweza kuwaona wote wawili kwa mara moja, mmoja huku, mmoja kule, kitu ambacho wao wenyewe hawakuwahi kukiona.

Siku tuliyomzika babu, watu walipotawanyika, mama aliingia jikoni akawasha moto. Nilidhani atalia. Akapanga masufuria, akayaeleza msiba wote kuanzia mwanzo: nani alikuja, nani hakuja, nani alikula mara mbili, mchungaji alikosea wapi, wang'ambo walivyovuka wakiimba. Alisema kwa sauti kubwa kuliko siku zote, uso wake kwenye matete. Alipomaliza hali ya hewa akanyamaza, na nje hakuna kilichogongwa.

Sasa hivi kule kwetu Songwe imehama tena, shamba la babu ni mchanga na mafunjo, sijui hata liko nchi gani. Hakuna anayejificha majanini. Mke wa kaka yangu anakaa kochi moja na baba, wanaangalia mpira, wanazomeana wakifungwa, anamwita baba bila mti wowote kuja, na mimi nafurahi, nakwambia kweli, nafurahi. Ila wakati mwingine naona kila mmoja ameshika simu yake, kochi moja, jioni nzima, na hakuna anayesema chochote.

Mwaka jana nilipeleka mzigo Dar es Salaam nikapitiliza mpaka Kyela. Kaka amejenga jiko la matofali, vigae ukutani, gesi. Nilifika jioni, nikamkuta wifi yangu amesimama mlangoni, uso una wasiwasi. Akanivuta pembeni.

"Wifi, mama ameanza kuzeeka. Msikilize. Anaongea na masufuria."

Nikasikiliza. Alikuwa kwenye habari za nje, na alikuwa ameshafika China.

"Wifi," nikamwambia, "shika kigoda kile, kaa chini, na nyamaza."